Kilima cha Buddo, Siku ya Kabaka

Ukitoka Kampala kwa barabara ya Masaka, Buddo haiko mbali. Kwa macho ni kilima kama vilima vingine vya Buganda, migomba mpaka mlangoni mwa nyumba, na wengi hukijua kwa ajili ya King's College Budo, shule iliyofunguliwa mwaka 1906. Lakini anayetaka kuielewa Buganda apande hadi Naggalabi, mahali Makabaka, wafalme wa Buganda, wanaposimikwa.

Mimi nilipafahamu nikiwa mtoto, tarehe 31 Julai 1993, siku Kabaka mpya aliposimikwa. Tulikuwa tumetoka Bukoba kumtembelea shangazi aliyeolewa Kampala, na asubuhi ile hakuna aliyekubali kubaki nyumbani. Ufalme ulikuwa umefutwa mwaka 1967. Kabaka Mutesa II alifia uhamishoni London mwaka 1969. Watu wazima waliotubana kila upande walikuwa wameishi zaidi ya miaka 25 bila mfalme.

Nilikuwa mfupi, basi nikaona migongo tu. Wanaume walivaa kanzu, vazi lililofika Buganda na misafara ya pwani, na juu yake wengi wamejifunga lubugo, fundo likikaa begani. Bibi mmoja mbele yangu alilifunga juu ya gauni lake la gomesi. Lilikuwa na rangi ya udongo mwekundu. Lubugo halifumwi: ni gome la ndani la mti wa mutuba, hupondwapondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike na kutanuka. Nililigusa kwa kidole, likakwaruza kidogo. Bibi hakugeuka, macho yake yote yalikuwa mbele.

Ngoma zikalia. Sauti yake niliisikia nyayoni kabla ya masikioni. Vigelegele vikapokewa kutoka chini ya kilima hadi juu, na ghafla watu wakapiga magoti, wazee kwa vijana, na ukuta wote wa migongo ukashuka. Hapo ndipo nilipomwona Ronald Muwenda Mutebi akipita, kijana wa miaka 38, amevishwa lubugo. Walionizuia kumwona ndio walionifungulia njia, kwa heshima yao tu. Shangazi, ambaye machozi yake hayakuwa ya karibu, alilia waziwazi.

Ndiyo maana kila nikifika Kampala sipiti bila kwenda Mengo, makao ya ufalme. Naipenda Kabakanjagala, barabara iliyonyooka kutoka Bulange, lilipo bunge la Buganda, mpaka lango la Lubiri, jumba lililoshambuliwa na jeshi mwaka 1966. Pembeni mwake zimesimama sanamu za miziro, alama za koo, na wenyeji huwaonyesha watoto wao ule wa ukoo wao. Nenda kwa miguu, asubuhi, bila haraka. Njiani utakuta mzunguko wa Nantawetwa, wenye njia iliyopasua katikati na mageti yake. Bodaboda, daladala na magari ya wakubwa, yote huzunguka. Kabaka peke yake ndiye hufunguliwa, akanyoosha moja kwa moja.