Singida nako kuna bichi, ila tuiwahi!

Msomaji, najua ukisikia Singida akili inakimbilia kuku wa kienyeji, mafuta ya alizeti na upepo wa kupeperusha kofia. Leo weka kuku pembeni, nataka nikupeleke bichi. Ndiyo, bichi! Tena kilomita kama 700 kutoka Dar es Salaam, katikati kabisa ya nchi kavu.

Kufika si kazi. Tangu 2024 treni ya umeme inakushusha Dodoma, unadaka basi, unapita Manyoni, na kabla usingizi haujakolea unaanza kuona mawe. Mawe hasa! Mengine makubwa kama nyumba, yamepandana utadhani kuna mtu aliyapanga akayasahau. Katikati ya mawe hayo ndipo mji ulipo, na mjini humo humo kuna maziwa mawili, Singidani na Kindai. Huhitaji gari la watalii wala kofia ya kaki. Bodaboda tu inakufikisha.

Nenda alasiri, jua likianza kupoa. Upepo ukipiga, Singidani linatoa vijiwimbi na lenyewe linajiona bahari. Maji ni ya chumvi chumvi, na ndiyo yanayowavuta heroe, wale ndege wa miguu mirefu, rangi ya waridi, ambao wazungu wanawalipia dola kwenda kuwaona Manyara na Natron. Hapa ukibahatika unawaona bure. Ila usiwarushie mawe bwana, wakishahama hakuna wa kwenda kuwabembeleza.

Sasa raha yote hiyo ina kasheshe yake, na ndugu zetu wa visiwani wameshaliona picha hili. Zanzibar ilipokea watalii 538,000 hivi mwaka 2019, korona ikawashusha hadi karibu 260,000 mwaka 2020, halafu 2023 wakapita 638,000. Nchini kwa jumla walianguka hadi kama 620,000 mwaka 2020, na 2023 wakafika milioni 1.8. Uchumi umeinuka, safi kabisa. Lakini nenda Nungwi au Paje ukatazame nani kakaa mbele ya bahari na nani kasogezwa nyuma. Hoteli zimejipanga ufukweni, mvuvi anatafuta pa kuegesha ngalawa, kina mama wa mwani wanapishana na waota jua. Mshiko unapita mlangoni kwa mwenyeji, ila hauingii kila nyumba. Hata Dar tunalijua hilo. Coco unakwenda na hela yako ya mihogo tu, lakini kule Mbezi na Kunduchi sehemu nyingi ukitaka kukanyaga mchanga unaanza na kiingilio.

Singida haijafika huko. Ndiyo maana nasema kanuni ziwekwe sasa, wakati bado hakuna ukuta wa kubomoa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nzuri sana kwenye karatasi. Lakini ukingo wa Singidani ni upi? Ziwa hili halina mto wa kutokea, maji yakishaingia yanasubiri jua liyanyonye. Mwaka wa mvua za nguvu linavimba na kumeza nchi kavu. Ukija ukame linarudi nyuma na kuacha tope kavu limepasuka. Ujanja unaanzia hapo. Mjanja akipima mita zake 60 wakati wa ukame, atajenga baa ndani ya ziwa, na mvua zikirudi atalia serikali imsaidie. Mimi ningepima kuanzia pale maji yalipowahi kufika juu kabisa, nikachimbia vigingi vya zege ambavyo hata mtoto wa shule anaviona.

Na kwa vile maji hayana pa kwenda, uchafu nao hauna pa kwenda. Choo cha gesti kikivuja, oili ya gari linalooshwa ufukweni, chupa za plastiki, vyote vinabaki mle mle na samaki wale wale unaokaangiwa jioni.

Tuje kwenye mshiko. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Kwa hiyo kila ada ya ziwani inayoingia Manispaa ya Singida inaweza kugeuka mtaji wa washkaji wa pale pale, wakanunua boti ya kutembeza wageni, baiskeli za kukodisha au jiko la samaki. Ilimradi risiti itolewe. Hela iliyoishia mfukoni mwa mlinzi haina asilimia.

Halafu kuna njia. Mwekezaji akipewa eneo, mkataba utaje njia ya wananchi kwenda majini, upana wake ujulikane, na isifungwe kwa geti wala kwa mbwa. Mvuvi anayetoka alfajiri na nyavu begani asianze kumweleza mlinzi kwamba yeye ni mtoto wa nani, amezaliwa mtaa gani, na anakwenda wapi saa hizo.