Mlo wa Halali Mjini Mpanda

Msafiri Mwislamu ateremkaye kwenye treni ya Tabora hutuuliza mambo mawili: msikiti uko wapi, na chakula cha halali kinapatikana wapi. Sisi wakazi wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, humpeleka kwanza kwa mama lishe wa sokoni. Hapo hupikwa migebuka wa Ziwa Tanganyika, walioletwa kutoka Karema na Ikola. Hukaangwa wakakauka, au huungwa kwa nyanya na vitunguu, wakaliwa kwa ugali wa moto au wali wa mchele wa Mpimbwe. Samaki hahitaji kuchinjwa. Suratul-Maida, aya ya 96, imetuhalalishia kitoweo cha majini.

Mtihani uko kwenye nyama. Tunapakana na misitu na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na wapo wauzao nyama ya porini kwa kificho: mchinjaji hajulikani, na sheria ya nchi imevunjwa. Kwa hiyo asubuhi, kwenye supu ya karibu na stendi, huuliza kwa adabu: "Mama, nani amechinja?" Mwenye biashara safi hakasiriki, hutaja bucha na mchinjaji wake. Akisitasita, sisi huagiza chai na chapati, tukashukuru.

Mgeni asiondoke bila asali ya Inyonga, inayorinwa katika misitu ya miombo. Nasi tuendapo kula, tuwachukue watoto, walisikie swali lile. Insha'Allah watauliza wenyewe watakapokula mbali nasi.