Chombo Hupimwa kwa Safari ya Kurudi

Vyombo viwili vilikuwa vimefungwa kamba kwenye ukingo mmoja hapa Kisangani, na vyote viwili vilikuwa vinauzwa. Cha kwanza kilikuwa boti ya mbao yenye urefu wa mita 9 na upana wa mita 1.5, pamoja na injini ya nguvu za farasi 15. Cha pili kilikuwa na urefu wa mita 14 na upana wa mita 2.2, pamoja na injini ya nguvu za farasi 40. Vyote vilikuwa vimekwisha kutumika miaka mingi. Kidogo kiliuzwa dola 2,300, kikubwa dola 5,800. Kikundi chetu cha akiba kilikuwa na dola 2,600. Nilitumwa mimi pamoja na wenzangu wawili kwenda kuvitazama, nami nakiri kwamba kabla sijashuka ukingoni moyo wangu ulikuwa umekwisha kuchagua kikubwa.

Haja yetu ilikuwa ya kweli. Kutoka Kinshasa mto Kongo hupitika kwa zaidi ya kilomita 1,700 hadi hapa, ambapo maporomoko ya Boyoma huufunga. Kwa jamaa zetu wa vijiji vya upande wa Yangambi, mto ndio barabara. Mpunga wao, mihogo yao na mafuta yao ya mawese huja mjini kwa maji, na watoto wao pia hupanda boti wanapokwenda kufanya mitihani. Kila nauli tuliyolipa ilikuwa inajenga chombo cha mtu mwingine. Basi tulisema: na tuwe na chetu.

Tulikwenda na fundi wa injini, mzee ambaye amezeeka mikono yake ikinuka petroli. Mimi nilisimama mbele ya boti kubwa, nikaisifu. Aliniacha nimalize, kisha akasema: “Mwalimu, unasifu rangi. Rangi hii ilipakwa juma lililopita.”

Akatoa kisu kidogo, akaanza kuchoma mbao pale zinapokutana na mataruma, mahali ambapo maji ya mvua hutuama na ubao huoza kwa siri. Katika boti ndogo kisu kiliingia mara mbili, karibu na tezi: mbao mbili za kubadilisha na kalafati ya kutia upya. Katika boti kubwa hakikuingia popote. Nikafurahi. Ndipo akageukia injini. Akafungua buji, akapima mgandamizo wa kila silinda, akatueleza kwamba silinda za injini nzima hutoa vipimo vinavyokaribiana. Katika injini ya 40 silinda moja ilikuwa nyuma sana ya mwenzake. Akalegeza skrubu ya chini, mahali pa mafuta ya gia, na mafuta yakatoka meupe kama maziwa. “Maji yameingia,” akasema. Injini ya 15 ilikuwa na sura mbaya, imekwaruzwa kila upande, lakini vipimo vyake vilikuwa sawa, mafuta yake safi, na ilipowashwa ilitoa uzi wa maji ya kupoza bila kukatika.

Jioni ile nilichukua chaki. Mimi huwafundisha vijana watakaokuwa walimu, na kila mwaka huwaambia kwamba hesabu isiyotoka darasani haijafundishwa. Niliona haya kuwa nusura ninunue boti bila hesabu.

Kwanza, mzigo. Boti huzama mpaka isukume maji yenye uzito sawa na uzito wake. Kwa kuwa ncha zake zimechongoka, nilikadiria eneo lake juu ya maji kuwa asilimia 70 ya urefu mara upana. Boti ndogo: mita za mraba 9.45, maana yake kila kilo 94 huizamisha sentimita moja. Boti kubwa: mita za mraba 21.56, kilo 215 kwa sentimita. Ukingo wa ndogo, ikiwa tupu, ulisimama sentimita 40 juu ya maji. Tukitaka zibaki 25, tunaweza kuishusha sentimita 15, yaani kilo 1,400 hivi. Ukiondoa injini, petroli, nahodha na msaidizi wake, zinabaki kilo 1,100 kwa watu na magunia. Kwa njia hiyohiyo, kubwa ingebeba tani 5.

Pili, mwendo. Chombo kizito kinachopasua maji hujitengenezea wimbi, na urefu wake ndio unaokiwekea mpaka. Kwa makadirio, chukua kipeuo cha pili cha urefu kwa mita, zidisha kwa 4.5, upate kilomita kwa saa. Mita 9 hutoa 13.5, mita 14 hutoa karibu 17. Ukiongeza nguvu zaidi ya hapo, petroli nyingi huishia katika kuinua wimbi. Yangambi iko kama kilomita 100 chini ya mto. Nikichukua mkondo wa kilomita 5 kwa saa, boti ndogo ingeshuka kwa saa 5 na nusu, lakini ingepanda kwa karibu saa 12. Kubwa ingeshuka kwa saa 4 na nusu na kupanda kwa saa 8 na kidogo.

Tatu, petroli. Injini ya 15 ya aina hii, ikikazwa, hunywa kama lita 7 kwa saa, na ya 40 kama lita 18. Kwenda na kurudi, ndogo ingekunywa lita 120, kubwa lita 234, bila kuhesabu mafuta ya kuchanganya, lita moja kwa kila lita 50 za petroli.

Niliyaweka yote mbele ya wenzangu bila kuficha upande wowote. Boti kubwa ikijaa, kila tani ingegharimu lita 47 tu, na ndogo lita 109. Tena kubwa ingeweza kupanda kutoka Yangambi katika mwanga wa siku moja. Sisi tunakaa karibu na ikweta, na mchana wetu una saa 12 tu. Boti ndogo ikichelewa kidogo tu ingelazimika kulala njiani.

Ndipo mama mtunza hazina wetu akafungua daftari lake. Kwa miezi 3 alikuwa ameandika kila gunia tulilolipia nauli. Wastani wetu kwa juma ulikuwa kilo 900. Kwa mzigo huo boti kubwa ingekula lita 260 kwa tani, na ndogo 133. Kijana mmoja akasema, kwa haki kabisa, kwamba kubwa inaweza kwenda polepole na kula kidogo. Mama akamjibu: “Ni kweli, mwanangu. Lakini deni halipunguzwi mwendo.”

Deni lingekuwa dola 3,200, kabla ya kuitengeneza injini. Kulilipa kwa miezi 10, hata bila riba, ni dola 320 kila mwezi. Tungezipata wapi? Kwa kuijaza boti. Na juma ambalo haikujaa? Kwa kungoja abiria hadi alasiri, kisha kusafiri usiku. Na siku ya soko ilipojaa? Kwa kuongeza wengine.

Hapo nilinyamaza, maana nilimkumbuka mwanafunzi wangu. Alikuwa amemaliza masomo ya ualimu, akawa anarudi kwao kwa boti kubwa, nzuri, yenye injini yenye nguvu. Iliondoka jua likiwa limekwisha kuzama, maji yakiwa karibu na ukingo wake. Tulimzika bila mwili. Kwa miaka mingi nilimlaumu nahodha kwa uroho wake. Mbele ya daftari la mama yule nilijiuliza kwa mara ya kwanza kama nahodha naye alikuwa anadaiwa. Katika 2019, baada ya ajali ya ziwa Kivu, Rais Félix Tshisekedi aliagiza abiria wa majini wavae jile. Ni agizo jema, na sisi tumelitii. Lakini jile haipunguzi gunia hata moja.

Sote tunaufahamu mfano wa mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka, anayeketi kwanza kuhesabu gharama. Nimeufundisha mara nyingi kama onyo dhidi ya aibu ya kuacha kazi nusu. Sikuwa nimefikiri kwamba anayekosa kuhesabu anaweza pia kuwalipisha wengine, wale waliopanda chombo chake kwa kumwamini.

Tulinunua boti ndogo. Mbao mbili, kalafati na jile vilimaliza akiba yote. Kisha tulifanya jambo ambalo Waingereza waliliwekea sheria mwaka 1876, baada ya mbunge wao Samuel Plimsoll kupigania mabaharia waliokuwa wakizamishwa na shehena: tulipaka ubavuni mstari mweupe, sentimita 25 chini ya ukingo. Tukakubaliana mambo mawili. Mstari ukigusa maji, hapandi mtu wala gunia. Na saa kumi na mbili jioni injini inazimwa, popote tulipo, tukalale kwa jamaa.

Katika safari ya tatu tulipakia tukiwa njiani kurudi mjini. Mstari ulikuwa umegusa maji, na ukingoni alibaki mama mmoja wa kikundi chetu na magunia yake mawili ya mpunga. Alikuwa ameweka akiba yake sawa na yangu. Alinitazama, akasema: “Mwalimu, kumbe tungenunua ile kubwa.” Sikuwa na jibu la kumtosha. Nilishuka mimi, nikampisha pamoja na gunia moja dogo, tukatazama mstari tena. Gunia la pili lilibaki nami. Juma lililofuata tuliingia mjini pamoja, mimi na gunia lake.