Maji ya Nakuru hayachemki kwa 100

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, na badala yake nimemaliza wikendi nane nyuma ya nyumba na sufuria mbili, paipu ya shaba na gunia la shayiri. Kwa hivyo leo hakuna hifadhidata, leo ni bia. Vumilieni kidogo, kwa sababu ndani yake kuna hitilafu ya programu, na niliiandika mwenyewe.

Nilianza na kopo. Rafiki yangu alirudi kutoka Uingereza na makopo mawili ya kimea kilichochemshwa mpaka kikawa kizito kama asali. Unamimina kopo kwenye maji moto, unachemsha na hopsi, unapoza, unatia hamira, unangoja wiki mbili. Ni kama kutumia maktaba ya programu iliyoandikwa na mtu mwingine: unaita amri moja, kazi imekwisha, na hujui ndani kumefanyika nini. Bia ilinyweka. Lakini makopo yaliisha, na nikaona haya kungoja kopo lingine lipande ndege ilhali shayiri inalimwa Mau Narok na Molo, safari ya matatu tu kutoka hapa. Nikaamua kuanza na nafaka yenyewe.

Kwa wasiojua, mambo ni haya. Hamira haili wanga, inakula sukari. Punje ya shayiri imejaa wanga. Ikilowa na kuanza kuchipua, inatengeneza vimeng'enya vya kuugeuza wanga kuwa sukari ili mche upate chakula. Wewe unaingilia kati: unaikausha kabla mche haujala akiba yote. Hicho ndicho kimea. Baadaye unakiponda, unakiloweka kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 kwa muda wa saa moja, na vimeng'enya vinamaliza kazi vilivyoianza. Joto likiwa chini, wanga haufunguki vizuri. Likizidi, vimeng'enya vinakufa. Nafasi ni nyuzi chache tu.

Nyuzi chache tu? Hiyo ni kazi ya kompyuta :-)

Vifaa nilivyounda ni hivi. Chombo cha kulowekea ni lile sanduku la plastiki la kubebea soda na barafu. Linalozuia joto kuingia ndilo linalozuia joto kutoka. Chini yake nimeweka ule wavu wa chuma unaofunika paipu ya sinki. Nilivuta mpira wa ndani, nikabakiza wavu, ukawa chujio. Fundi wa jua kali alinitobolea sufuria ya lita 50 na kufunga koki. Kipoza ni mita 10 za paipu ya shaba ya mafundi wa friji, nimeizungusha kwenye mtungi wa gesi ikawa koili. Maji baridi yanapita ndani, koili inakaa kwenye sufuria. Maji ya kupikia ni ya mvua, kwa sababu maji ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi (tazameni meno yetu) na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha.

Na juu ya yote, Arduino yenye kihisi joto cha DS18B20, na skrini ndogo inayoonyesha nyuzi. Nilijivunia sana hiyo skrini.

Kabla ya kuanza nilitaka kuhakikisha kihisi kinasema kweli. Nikakitia kwenye maji yanayochemka. Kikasoma 93.8. Kila mtoto wa darasa la sita anajua maji huchemka kwa 100, kwa hivyo kihisi ni kibovu, si ndiyo? Nikaandika kwenye programu KUCHEMKA = 100, nikakiambia kiongeze 6.2 kwa kila kipimo, nikalala usingizi mzuri.

Kimea nilitengeneza mwenyewe. Siku mbili ndani ya maji nikibadilisha maji, siku tano chini ya gunia bichi nikigeuza asubuhi na jioni, kisha juani juu ya mabati. Mwenye kinu cha posho alikubali kulegeza mawe ili apasue punje bila kuzifanya unga, maana unga huziba chujio.

Nikapika kilo 5 kwa lita 20. Skrini ilisema 66 kwa saa nzima, imara kama nguzo. Nikachota kidogo kwenye kisahani na kudondosha iodini ya duka la dawa. Wanga ukiwa umekwisha, iodini hubaki kahawia. Yangu iligeuka buluu karibu nyeusi. Nikaongeza nusu saa. Nyeusi. Haidromita ilitakiwa kusoma kama 1.048, ikasoma 1.026. Ile mishe yote ilikwenda kwa nguruwe wa jirani.

Nilirudia wiki iliyofuata, hatua kwa hatua. Nyeusi tena. Nikalaumu shayiri, nikalaumu gunia, nikalaumu kinu.

Jumapili hiyo bibi yangu alikuja. Sisi humwita Kukhu. Aliletwa Nakuru na kazi ya babu ya reli, na kwa miaka mingi alipika busaa. Alionja kijiko kimoja.

"Hii haijaiva. Maji yako hayakuwa moto."

"Kukhu, yalikuwa 66. Ona hapa."

Hakuangalia skrini. Alichovya kidole kwenye sanduku, akakiacha humo kwa raha zake. "Mimi sijui hiyo 66 yako. Najua mkono wangu." Kisha akabadilisha mazungumzo, au ndivyo nilivyodhani. "Shangazi yako wa Mombasa akipika maharagwe yanaiva upesi. Akija hapa, maharagwe yale yale, anamaliza makaa. Kila mara analalamika makaa ya Nakuru ni mabaya."

Nilikaa kimya kama dakika nzima.

Makaa ya Nakuru hayana ubaya. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, inayakandamiza maji kwa nguvu ndogo, nayo yanachemka mapema: nyuzi 1 chini kwa kila mita 300 hivi. Hapa ni karibu 94. Kihisi kilisoma 93.8 kwa sababu ilikuwa 93.8. Karatasi ya watengenezaji wake inasema makosa yake hayazidi nusu nyuzi hadi 85, nami nilikuwa nimeisoma. Nikaamini kitabu cha darasa la sita badala ya chombo kilichokuwa ndani ya maji yenyewe. Kila skrini iliposema 66, shayiri ilikuwa kwenye 60 hivi.

Nilifuta mstari mmoja. Jaribio la tatu, iodini ilibaki kahawia. Haidromita: 1.046.

Nikamweleza Kukhu habari za wanga kufunguka. Akaniambia ya kwake. Unga wa mahindi unalowekwa unachachuka siku kadhaa, unakaangwa kwenye karai kubwa mpaka unakuwa chenga za kahawia, ndipo unatiwa maji na kimea cha wimbi. Nilimuuliza mbona kukaanga kwanza. "Usipokaanga, kimea hakiushiki." Sawasawa kabisa: wanga wa mahindi unahitaji joto kubwa kuliko wa shayiri, joto ambalo lingeua vimeng'enya. Kwa hivyo anaufungua kwanza peke yake, kisha anakileta kimea. Nina digrii ya sayansi ya kompyuta. Karo ya kufika huko ilianzia kwenye lile karai.

Nilikuwa nimeshika pakiti ya hamira tayari kuimwaga aliponiuliza, "Na leseni iko wapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mwaka wa 2009, nikiwa shule ya msingi, askari walikuja alfajiri wakamwaga pipa lake lote uani. Pipa hilo lilikuwa karo ya muhula. Walimchukua, akarudi kesho yake, hakupika tena; akauza mandazi. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Udhibiti wa Vileo, ile tunayoiita ya Mututho kwa jina la John Mututho, wakati huo mbunge wa Naivasha. Ilifuta marufuku ya chang'aa na kuvipa vinywaji vya kienyeji nafasi kisheria, ila kwa leseni: anayetengeneza kinywaji chenye kileo lazima awe nayo. Zile bia za kopo nilizipika bila hata kulifikiria hilo. Nilikuwa na Arduino, nilijiona mtafiti. Yeye alikuwa na karai, akaitwa mhalifu.

"Tafuta karatasi kwanza," alisema. "Mimi nimeshamwagiwa. Sitaki kuona tena."

Kwa hivyo sikutia hamira. Bila hamira ni maji matamu ya nafaka tu, hayana kileo. Tuliyarudisha motoni tukayachemsha saa saba, tukipokezana mwiko, mpaka lita 20 zikawa lita mbili na kitu: nyeusi, nzito, tamu kama asali.

Ndiyo. Ni kile kile kilichokuwa ndani ya kopo. Nimezunguka wikendi nane kurudi nilipoanzia, ila sasa najua ndani kulifanyika nini.

Chupa ziko kwenye friji, Kukhu alibeba moja ya kutia kwenye uji. Wiki hii naenda kuulizia leseni kwenye ofisi za kaunti. Na kama programu yako ina namba uliyoiweka kwa sababu "kila mtu anajua", kaipime ulipo. Mwenye kuishi Mau Narok, huko kwenu itakuwa chini zaidi ya 94.

Sehemu ya pili ya hifadhidata inakuja. Kweli safari hii.