Mdogo wangu alichagua ziwa

Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi alipoita vijana waingie jeshini, mimi ndiye niliyesoma habari hiyo redioni hapa Goma. Siku chache baadaye mdogo wangu aliniuliza: "Yaya, niombe nchi kavu, anga ao majini?"

Nikamjibu: "Majini. Wewe ni mtoto wa Ziwa Kivu." Sikumwambia kwamba niliogopa milima ya Rutshuru, ambako vita ilikuwa.

Lakini jeshini hauchagui, mkubwa ndiye anachagua. Walimtuma nchi kavu.

Tangu Goma ianguke, Januari 2025, simu yake haipiti. Kijana akiniuliza leo achague jeshi gani, namuuliza kwanza: mama yako anajua?