Silabi Iliyopotea

Sisi walimu wa Kiswahili wa huku Uganda hupenda kufundisha kwa nyimbo, maana mwanafunzi aliyesahau kanuni ya jana aghalabu huukumbuka wimbo wa juzi. Mwalimu mmoja mstaafu alitukabidhi daftari la nyimbo alizowatungia wanafunzi wake. Ameziandika kwa solfa, zile herufi d, r, m, f, s, l, t alizozieneza John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, ambazo kwaya zetu nyingi zazitumia hata leo. Mchwa walikwisha kula pembe za kurasa. Tuliona hatuna budi kuziandika upya.

Tulitumia MuseScore, programu ya kuandikia muziki ipatikanayo bila malipo. Nia yetu ilikuwa kila wimbo ukae katika ukurasa mmoja: nota katika mistari mitano, maneno chini yake, na juu yake herufi za kordi, kama C, F na G7, ili mpiga gitaa ajue la kusindikizia. Kazi yenyewe si ngumu. Nota huingizwa kwanza. Kisha Ctrl pamoja na L hufungua nafasi ya maneno, na Ctrl pamoja na K nafasi ya kordi. Ukiandika kistari baada ya silabi, ifuatayo huhamia nota ya pili. Na wimbo ukiwa chini mno kwa sauti za watoto, programu huupandisha pamoja na kordi zake: C, F na G7 zikawa D, G na A7.

Wimbo wa kwanza ulianza kwa neno "mtoto". Tukaandika mto-to. Mwishoni mwa mstari ikabaki nota moja isiyo na silabi. Tukadhani mzee alikosea. Tukaifuta, tukairefusha iliyotangulia ili kipimo kijae. Tukapiga chapa, tukawafundisha wanafunzi, tukamwalika mzee aje kusikiliza.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Wanangu, m yangu mmeipeleka wapi?"

Tuliinamisha vichwa. Miaka yote tumefundisha ubaoni kwamba m ya mtoto ni silabi kamili: m-to-to. Kwa kuimeza, maneno yote ya mstari ule yalitangulia kwa nota moja, mkazo ukaangukia pasipo pake. Mzee akatukumbusha kwamba m hiyo asili yake ni mu, kama isikikavyo bado katika "mutoto" ya Kiswahili cha Kongo na "omuntu" ya Kiganda. Imepoteza irabu, haikupoteza pigo lake. Lakini si kila m iko hivyo: mwalimu ni mwa-li-mu, mbegu ni mbe-gu, ilhali mbwa ni m-bwa.

Kompyuta haikuwa na kosa, iliweka tulichoipa. Tuliirudisha nota ya mzee, tukalipitia daftari zima upya pamoja naye.

Wenzetu mnaohifadhi nyimbo, pigeni makofi kwa kila silabi kabla ya kugusa kibodi. Nota ikizidi, msiifute. Muulizeni kwanza aliyeiandika, maadamu yu hai.