Kamera ya Safari ya Ukoo: Kutoka Babati Hadi Ibra

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, umo katika barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma, na hifadhi za Tarangire na Ziwa Manyara haziko mbali nao. Wakazi wake wamezoea kuwaona wageni wenye kamera za lenzi ndefu kama mkono wa mtu. Basi familia ya hapa inapojiandaa kwenda ng'ambo kutafuta asili yake, aghalabu wazo la kwanza huwa ni kupata lenzi kama ile. Wazo hilo halifai. Lenzi ya kumpigia tembo picha si lenzi ya kumpigia bibi.

Tuchukue mfano wa familia ambayo mzee wao wa kale alitoka Omani. Familia za namna hiyo zimo katika miji mingi ya bara iliyokua kwa biashara. Baadhi ya jamaa zao walikwenda Omani baada ya mwaka 1964, na wengine baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Hata leo si ajabu kusikia Kiswahili kikizungumzwa majumbani mjini Maskati. Kutoka hapo wengi huendelea hadi Ibra, mji wa bara katika upande wa Sharqiya, wenye uhusiano wa miaka mingi na Unguja na mwambao wetu. Katika mitaa yake ya kale yamebaki majumba ya wafanyabiashara, mengi yakiwa yamehamwa na mengine yakiwa yamebomoka. Ndani ya nyumba mpya za jirani wamo wazee wanaokumbuka nani alisafiri na nani alibaki. Ukuta haungoji, wala mzee hangoji. Pengine safari hiyo haitarudiwa, na picha zitakazoletwa ndizo zitakazokuwa macho ya bibi aliyebaki Babati kwa sababu miguu haimruhusu tena.

Sasa tuangalie kazi yenyewe. Kwa kamera ambayo kioo chake cha kupokea picha kina upana wa milimita 36, ukisimama meta 4 mbele ya ukuta, lenzi ya milimita 24 huona upana wa meta 6. Lenzi ya milimita 50 huona karibu meta 3. Lenzi ya milimita 400 huona sentimita 36 tu, yaani uso wa mtu mmoja. Katika chumba cha wageni, jamaa kumi na wawili wakiwa wameketi kandokando ya kuta, mwenye lenzi ndefu atalazimika kutoka nje na kupiga picha kupitia mlangoni!

Kwa hiyo lenzi mbili zatosha. Ya kwanza iwe pana, ya milimita 24 au 28, kwa vyumba, vichochoro na malango ya kale. Simu nyingi za siku hizi zina lenzi ya upana kama huo, hivyo asiye na uwezo wa kununua asisikitike. Ya pili iwe ya milimita 50, yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga, namba 1.8. Tundu la namba hiyo hupitisha mwanga karibu mara nne zaidi ya lile la namba 3.5, na hiyo ndiyo tofauti kati ya uso unaoonekana na uso uliotikisika pale mzee anaposimulia jioni kwa mwanga wa taa moja. Kadhalika, lenzi pana ikisogezwa karibu mno na uso huirefusha pua. Mzee aliyekukaribisha hastahili kufanyiwa hivyo.

Mazoezi yafanyike nyumbani, kabla ya safari. Mahali pazuri pa kujifunzia ni Kolo, kwenye njia ya Kondoa, penye michoro ya kale ya miambani. Chini ya mwamba pana kivuli na nje pana jua kali, na kamera ikiachwa ijiamulie huweza kuharibu kimoja kati ya viwili. Huko Omani utakutana na tabu iyo hiyo kwenye mifereji ya kale ya maji, iitwayo aflaj, ipitayo chini ya vivuli vya mitende. Mifumo mitano ya mifereji hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, mwaka ule ule iliyoingizwa michoro ya Kondoa. Aliyeweza Kolo ataweza na huko.

Tofauti kubwa ni joto. Babati ina ubaridi wa nyanda za juu, lakini pwani ya Omani ina joto na unyevu mwingi. Kamera ikitolewa ghafla kutoka chumba chenye kipoza hewa, lenzi hufunikwa na ukungu. Ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki mpaka ipate joto la nje, ndipo ifunguliwe. Betri za akiba zisiwekwe katika mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege, bali zichukuliwe mkononi.

Adabu nayo ni sehemu ya vifaa. Omani, kama kwetu, mtu huombwa ruhusa kwanza, na zaidi sana wanawake. Ibra ina soko mashuhuri la wanawake la siku ya Jumatano, na humo kamera ikae mfukoni mpaka uruhusiwe. Ukionyeshwa nyaraka au picha za zamani, usizing'ang'anie. Ziweke juu ya meza karibu na dirisha, shika kamera sawasawa juu yake, na usitumie taa ya kamera kwa maana itang'ariza karatasi.

Mwisho, kila jioni picha zinakiliwe mahali pawili, na majina ya waliomo yaandikwe siku hiyo hiyo: nani, mtoto wa nani, ameketi wapi. Bibi wa Babati atakapoletewa picha hizo hatauliza zilipigwa kwa kamera gani. Atanyoosha kidole na kuuliza, "Huyu ni nani?" Jibu liwepo.